Ndiva ya Majina

Jumamosi si siku ya kufika Upareni ukiwa na haraka, na mimi nilifika Jumamosi. Mwenyeji wangu, mwalimu wa fizikia niliyemfahamu kwa simu tu, aliniambia vijana wake hukutana kwenye kompyuta kila mwisho wa wiki, nami nikapiga hesabu ya siku mbili. Kumbe kwao Jumamosi imekwisha kuchukuliwa. Wamisionari wawili wa Kisabato kutoka Ujerumani walifika Giti, upande wa Mamba, mwaka 1903, na mpaka leo viko vijiji vya Pare ya Kusini ambavyo Ijumaa jua likizama hufunga duka, jembe na daftari. Nikashinda kutwa nikisikiliza kwaya ikijibizana na mwangwi wake bondeni, nikilitazama jua kama mtu aliyefunga Ramadhani, ila tumbo langu limejaa makande.

Makande yale nayo yana neno. Mimi ni mtu wa Unguja, na kwetu makande yasiyotiwa nazi ni mgonjwa hajapona. Ya mlimani yamechemshwa usiku kucha mpaka punje za mahindi zimepasuka, yakatiwa kitunguu na chumvi, basi. Nilikula sahani ya kwanza kwa adabu na ya pili kwa hiari. Chai ilikuwa ya tangawizi, kali hata ikanitoa machozi. Mama mwenye nyumba akacheka, akasema hiyo imetoka kwa ndugu zake wa Mamba Miamba, ambako tangawizi ndiyo ada ya watoto. Kwetu tangawizi ni kiungo cha pilau. Huku ni skuli nzima. (Nasema skuli. Mwenyeji wangu alinirekebisha mara mbili, kisha akakata tamaa.)

Kijiji chenyewe kiko juu ya Mwembe, njia ya kwenda Mbaga. Sitakitaja jina, kwa kuwa nitasimulia makosa ya watu walionilisha.

Njiani kutoka Dar es Salaam basi liliuacha ukuta wa Usambara pale Mombo, likaingia nchi kavu ya Hedaru na Makanya, ambako mkonge umesimama kwa mistari na jasi inapaka kingo za barabara unga mweupe. Abiria mmoja, akijua tunakaribia Same, akatoa ule utani wa siku zote: Mpare atauza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani kudai kuku. Basi zima likacheka. Mzee aliyekaa mbele yangu hakugeuka hata shingo. "Kuku alikuwa wake," alisema.

Nilikumbuka jibu hilo niliposhuka Same, mji uliokaa mlangoni mwa upepo, milima nyuma yake na nyika ya Mkomazi mbele. Hapa ndipo maelfu ya Wapare waliposhuka kutoka milimani Januari 1945, wakakaa na kugoma kurudi makwao, kwa sababu ya kodi iliyoitwa mbiru. Waingereza walikuwa wameamua kila mtu akadiriwe kwa mali yake: mashamba, mifugo, kahawa. Kisa hicho alikiandika mwanahistoria Isaria Kimambo, Mpare mwenyewe. Kilichonigusa mimi ni kwamba ubishi ule haukuwa juu ya fedha peke yake. Watu walikataa namna walivyoandikwa. Mwishowe kodi ikafutwa. Nilinunua maji ya chupa stendi, nikatafuta gari la kupanda mlimani, nikiwa sijui kwamba neno mbiru ningelisikia tena kabla sijaondoka.

Niseme kilichonipeleka. Kwetu Zanzibar wahudumu wa afya wa kujitolea hupita nyumba kwa nyumba na simu yenye programu ya Jamii ni Afya, inayowaongoza swali kwa swali mbele ya mjamzito au mama mwenye mtoto mchanga. Kufikia mwaka 2021 ilikuwa imeenea wilaya zote 11 za Unguja na Pemba. Ni kazi nzuri na nimeisifu kwa maandishi. Lakini kila nilipowauliza vijana wa Mjini nani kaitengeneza, walinijibu neno moja: "Mradi." Kwao programu huja, kama meli. Na pale vijana wanapoalikwa kutengeneza, mara nyingi ni kwenye mashindano ya usiku mmoja mjini, ya fulana za bure na hundi ya karatasi kubwa kama mlango. Wanashinda, wanapigwa picha, na hakuna muuguzi hata mmoja aliyewahi kuifungua hiyo programu. Nilisikia kwamba mlimani Same kuna vijana walioanzia upande wa pili, kwenye kitabu cha zahanati. Nikataka kuona.

Dereva aliyenipandisha alikuwa kijana mwenye simu mbili, moja akiitazama kila baada ya kona. Nilidhani ni mambo ya mapenzi. "Hii ni ya m-mama," akanieleza. Yeye ni dereva wa jamii: mjamzito au mtoto mchanga akipata dharura, mtu hupiga 115 bure, kituo kinatafuta gari la wagonjwa, na lisipopatikana karibu humpigia dereva kama yeye, akalipwa kwa simu. Mpango huo ulijaribiwa kwanza Kanda ya Ziwa, ukazinduliwa kwa nchi nzima mwaka 2022. Nilimuuliza kama aliwahi kuchelewa. Akabadilisha gia, akanyamaza kona mbili nzima. "Gari lina kasi, baba," alisema hatimaye. "Kinachochelewa ni mtu kusema." Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 104 kwa kila vizazi hai laki moja, kutoka 556 vya utafiti wa 2015 na 2016. Nilimtajia. Akatikisa kichwa, akaitazama ile simu.

Jua lilizama saa kumi na mbili na nusu hivi. Robo saa baadaye chumba cha mwalimu kilikuwa na watu tisa, kompyuta tatu zilizochakaa na sufuria ya mihogo. Mkubwa wao ni dada wa miaka kumi na tisa aliyemaliza kidato cha sita akisubiri chuo. Wengine walikuwa wa sekondari, mmoja wa bodaboda, mmoja fundi simu. Mwalimu alinisimulia mwanzo wao. Somo la kompyuta alikuwa akilifundisha ubaoni, kwa chaki, kwa mchoro wa kipanya. Siku moja muuguzi wa zahanati alimwomba msaada wa kufunga ripoti. Wahudumu wa afya wa Tanzania wanakijua kilio hicho: vitabu vya kumbukumbu vya MTUHA, vikubwa kama mkeka wa kukunja, namba 5 cha wagonjwa wa nje, namba 6 cha wajawazito, namba 7 cha watoto, na kila mwanzo wa mwezi mtu mmoja anakaa na kalamu na karatasi ya tali, anahesabu vijistari. Namba zikipanda wilayani huingizwa kwenye mfumo wa kompyuta wa DHIS2, ambao nchi inautumia tangu 2013. Juu kuna grafu za rangi. Chini kuna muuguzi asiyejua ni mtoto yupi hakuja.

"Nilikwenda kumsaidia kuhesabu," mwalimu alisema, "nikamkuta anatafuta watoro." Watoro ndilo neno la kliniki kwa watoto waliokosa chanjo. Kuwapata, inabidi upekue kitabu namba 7 ukurasa kwa ukurasa, mstari kwa mstari, ukitafuta penye pengo. Mwalimu akaona ubao wake umepata somo. Mtoto hupata chanjo akizaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha mwezi wa 9 na wa 18 kwa surua na rubela. Kwa mtu wa fizikia hiyo ni kanuni tu: tarehe ya kuzaliwa, jumlisha siku 42. Aliwapa vijana wake swali moja: iambieni kompyuta ituoneshe nani anatakiwa kliniki Jumanne ijayo. Waliokuwa wakisinzia kwenye mchoro wa kipanya wakakesha.

Haikuwa rahisi kuruhusiwa. Waliandika barua wilayani, wakasubiri. Muuguzi naye alikuwa na sharti lake, na nililisikia kwanza kwao, kisha nikaliona kwa macho yangu Jumatatu. Kitabu chake namba 6 kina safu ambazo hata mume wa mtu hapaswi kuziona, za vipimo vya virusi na kaswende. Kabla hajafungua kitabu chochote mbele yao huweka rula ndefu ya mbao juu ya safu asizotaka zionekane, na rula ile haisogei. Waliruhusiwa kunakili namba ya kadi, tarehe ya kuzaliwa, kitongoji na tarehe za chanjo. Majina yakabaki kwenye karatasi. Dada alinikumbusha kwamba iko Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na kwamba aliisoma yote. "Lakini sheria niliielewa kwenye rula," alisema.

Kisha wakamwita mtoro asiye mtoro.

Kompyuta waliyoitumia ilikuwa ya mtumba kutoka ng'ambo, na ndani yake tarehe ilipangwa Kimarekani, mwezi mbele na siku nyuma. Mtoto aliyezaliwa tarehe 3 Julai, 3/7, mashine ilimsoma kuwa wa tarehe 7 Machi. Uzuri wa kosa hili, kama kosa lina uzuri, ni namna lilivyojificha. Waliozaliwa baada ya tarehe 12 walisalimika, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13. Mashine iligoma, ikaonesha alama ya kosa, vijana wakasahihisha kwa mkono. Waliodanganywa ni wa tarehe 1 hadi 12, kimyakimya, isipokuwa wachache wenye bahati ya kuzaliwa tarehe 5 Mei au 8 Agosti. Mtoto yule wa Julai, mwenye wiki 10 na chanjo zake zote kwenye kadi, mashine ilimwona wa miezi sita ambaye hajamaliza chanjo zake. Mama yake akaitwa.

Alishuka kutoka kitongoji cha juu saa moja na nusu kwa miguu, mtoto mgongoni, akaweka kadi mezani. "Mtoro ni nani?" aliuliza. Hakuna aliyejibu. Muuguzi akaomba radhi. Jioni ile vijana walikesha tena mpaka wakaiona 3/7, na kesho yake wanne kati yao walipanda kwa miguu njia ileile aliyoshuka yule mama, na kilo mbili za sukari na mche wa sabuni. "Nusu ya njia nilikuwa nataka kurudi," kijana wa bodaboda aliniambia. "Pikipiki haifiki kule. Ndipo nikajua tunapomwambia mtu 'njoo kliniki' tunamwambia nini." Tangu siku hiyo wanaandika mwezi kwa herufi, na neno mtoro limeondolewa kwenye orodha. Badala yake limewekwa "wa kufuatwa". Sijui kozi ya kompyuta ambayo ingewafundisha hayo mawili kwa siku moja.

Yapo mengine hayajapona. Namba za simu zilizoandikwa kwenye kadi nyingi ni za waume, na waume wengi wako Mererani kwenye machimbo ya tanzanaiti au Dar es Salaam kwenye biashara. Ujumbe wa kumkumbusha mama kliniki unamfikia baba shimoni. Wengine huupeleka nyumbani, wengine husahau, na mmoja alipiga simu kwa hasira akitaka kujua ni kijana gani huyo anayejua ratiba ya mke wake. Dada alinieleza hayo bila kucheka. Sasa huuliza kwanza: "Mama, ujumbe tuupeleke kwa nani?" Wengi hutaja mama mkwe.

Jumapili alfajiri walinipeleka kuona ndiva. Nilikwisha kuisoma kwenye vitabu, nikidhani nitakuta bwawa. Nilikuta karai kubwa la udongo na mawe ubavuni mwa mlima, maji yakimiminika humo kutoka kwenye mfereji mwembamba usiozidi mguu wangu. Mfereji kama ule, ukiuelekeza shambani, maji yake yangenywewa na udongo kabla ya kufika mgomba wa pili. Kwa hiyo usiku kucha ndiva inakusanya, asubuhi inazibuliwa, na maji yanakimbia kwa nguvu hadi shamba la mwenye zamu. Kesho zamu ya mwingine. Kulikuwa na baridi ya kutoa moshi mdomoni. Msitu wa Shengena ulikuwa umefunikwa na ukungu juu yetu, na chini kabisa, kati ya matawi, tambarare ya Same ilionekana nyekundu na kavu kama nchi nyingine. Kwetu kisiwani maji ni kisima, unachota ulichonacho. Sikuwahi kufikiri kwamba maji machache yanaweza kufanywa mengi kwa kuyangojesha tu.

Mzee mwenye zamu alizibua. Dada akaniambia, kwa sauti ya mtu anayesema jambo la kawaida: "Simu zetu ndivyo zinavyofanya." Huko juu mtandao unapatikana kwenye kilima kimoja tu. Wanajaza fomu kwa Kobo, programu ya bure inayofanya kazi bila intaneti. Simu inakusanya kutwa, na jioni mmoja hupanda kilimani, zote zinaondoka kwa mkupuo. Kijana wa bodaboda ndiye mwenye zamu ya kupanda. Wanamwita mzibuaji.

Mzee alisikia, akataka kuelezwa. Alipoelewa wanaandika watoto, akaegemea jembe lake. Yeye alikulia chini, upande wa Gonja, na alipokuwa na miaka kama minane watu wa malaria walikuja. Ule ulikuwa Mradi wa Malaria wa Pare na Taveta, ulioendeshwa na taasisi ya utafiti ya Amani, kule Usambara, kuanzia 1954 hadi 1959. Nyumba kwa nyumba walipulizia kuta dawa ya dieldrin, wakahesabu vizazi na vifo, wakawaminya watoto matumbo kupima bandama. Mbu wakapungua, na vifo vya watoto wachanga vikashuka sana. Mwaka 1959 upulizaji ukasimama, na kidogokidogo malaria ikarudi. Matokeo yalichapishwa kwenye majarida ya wataalamu na yanasomwa mpaka leo. "Mimi waliniandika," mzee alisema, akijipigapiga ubavu mahali bandama ilipo. "Kila mwaka waliniandika. Lakini hakuna aliyerudi kutuambia waliona nini."

Alisema hivyo bila kinyongo, akarudi kwenye maji yake. Mimi nilibaki na sentensi yake siku nzima. Mbiru ilikuwa orodha iliyokwenda juu ikarudi kodi. Ya malaria ilikwenda juu ikawa makala. Kitabu namba 7 kinakwenda juu kila mwezi kikawa grafu. Orodha ya vijana hawa ni ndogo, haizidi watoto mia mbili, imeshakosea na itakosea tena. Lakini ndiyo niliyoiona ikimrudia mama kabla ya Jumanne. Nadhani hilo ndilo wanalojifunza, kuliko Excel. Naliandika kwa tahadhari, maana mwalimu alinionya nisiwafanye mashujaa: watatu kati ya tisa wataondoka mwaka huu kwenda vyuoni, na kompyuta moja inazimika yenyewe ukiigusa mfuniko.

Jumatatu nilikwenda nao zahanati. Muuguzi alikuwa ameomba waongeze orodha ya wazee wa presha, kwa kuwa wengi huacha dawa wakijisikia nafuu. Bibi mmoja aliyevaa khanga mbili na sweta la mjukuu aliketi mbele ya dada. Dada akapiga goti kidogo, akamwamkia, wakaulizana habari za nyumbani kwa Kipare kirefu nisichokielewa, kisha akageukia Kiswahili kwa ajili yangu.

"Bibi, ulizaliwa mwaka gani?"

"Mwaka wa mbiru."

Simu ilitaka tarehe. Dada akabonyeza 1 Januari 1945, kama wanavyofanya kila mahali, kama ilivyo kwenye kitambulisho cha marehemu baba yangu.

"Umeandika nini?"

"Tarehe moja Januari, bibi."

"Nani kakwambia? Mama alikuwa anavuna maharage. Na baba yuko Same, hajarudi." Akamwekea dada mkono juu ya simu, taratibu, kama mtu anayefunika chungu. "Andika hivyo."

Dada alimtazama muuguzi, muuguzi akatazama dirishani. Mwishowe akasema, "Wewe ndiye uliyeitengeneza hiyo fomu." Foleni ikasubiri. Dada akafungua kompyuta, akaondoa sharti la tarehe, akaongeza kisanduku kitupu chini yake, akaipeleka fomu mpya kwenye simu kwa waya. Ilimchukua kama dakika kumi, na wazee kwenye benchi walizitumia kumuuliza bibi habari za mavuno yale. Kisha akaandika, akamsomea: mwaka wa mbiru, wakati wa kuvuna maharage, baba yuko Same.

Bibi akakunja mkono wa sweta. Muuguzi akamfunga kifaa, akakibana, akasoma namba mbili kwa sauti ya chini. Dada akaziandika. Mimi nikafunga daftari langu.